Izuiwe Ingali Bidhaa: Majibu kwa Madai Juu ya Plastiki ya Mto Ruzizi

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Ruzizi. Mto huo unaanzia kati ya Kamembe ya Rwanda na Bukavu ya Kongo, unateremka kilomita zipatazo 117 mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha Kongo na Burundi, hadi Ziwa Tanganyika. Si mbali na mlango huo lipo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Mvua ikinyesha, chupa, mifuko, ndala zilizokatika, vifuniko na madumu huteremshwa kutoka milimani, huingia ziwani, na mkondo huvisukuma mpaka kwenye lango la bwawa. Katika miaka ya karibuni taka hizo zimeziba mitambo kiasi cha kukatiza umeme Bukavu, na wapiga mbizi wamelazimika kuzama kuziondoa.

Kila picha za taka hizo zinapozagaa, mjadala huanza upya Kamembe, Bukavu na Bujumbura, na madai huwa yale yale. Nataka kuyajibu, kwa sababu mengi yana chembe ya ukweli lakini yanafikia hitimisho lisilo sahihi. Msimamo wangu niuseme mapema. Plastiki huvuka mpaka kama bidhaa kabla haijavuka kama taka. Ingali bidhaa, ina hati, ina msimbo wa forodha, ina bei, ina mwenyewe, na inapita kwenye lango linalojulikana. Ikishakuwa taka haina hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo wanaoweza kutusaidia zaidi kuliko wazamiaji wa bwawani ni watu wa biashara na forodha, na hawawezi kufanya kazi hiyo wakiwa upande mmoja tu wa mto.

Dai linalosikika zaidi upande wetu, wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, ni hili: "Rwanda ilishamaliza habari ya plastiki. Yanayoelea ziwani ni ya Wakongo."

Ni kweli kwamba Rwanda ilitangulia. Sheria namba 57 ya mwaka 2008 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Sheria namba 17 ya mwaka 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Anayeingiza vitu hivyo hunyang'anywa mzigo na kutozwa faini ya mara kumi ya thamani yake. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Fahari ya Mnyarwanda katika jambo hili ina msingi, nami siipunguzi.

Lakini tuangalie ng'ambo. Kongo nayo ina amri ya serikali ya Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio kadhaa vya plastiki. Burundi ina amri ya Agosti 2018, iliyotoa muda wa miezi 18 kabla ya utekelezaji. Maana yake nchi zote tatu zinazonywa maji ya Ruzizi zimekataza mifuko ya plastiki kwa maandishi. Anayesema Wakongo hawana sheria hajui habari za jirani yake. Kinachokosekana ni ulinganifu. Kila nchi ina orodha yake ya vilivyokatazwa, orodha yake ya vilivyosamehewa, kalenda yake na adhabu zake. Mfuko unaoruhusiwa kufungia bidhaa kiwandani huku unaweza kuwa haramu kule, na chombo kilicho haramu huku kinauzwa jumla kule mchana kweupe kwa kuwa hakuna anayekagua. Palipo na sheria tatu za namna hiyo juu ya mto mmoja, mfanyabiashara huchagua iliyo legevu, halafu maji huwagawia wote watatu matokeo.

Wala mikono yetu si safi kabisa. Sheria za Rwanda ziligusa mifuko na vifaa vya kutumia mara moja. Chupa za maji na soda, karatasi za plastiki za biskuti, viroba vya mchele na saruji, nyavu za nailoni na madumu bado vipo, na baadhi yake huishia ziwani kutoka miteremko ya Rusizi, Nyamasheke na Karongi kama vinavyoishia kutoka Bukavu. Tena bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 likiwa na megawati zipatazo 44, liliundwa na nchi tatu kwa pamoja na umeme wake hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Taka haisomi bendera ya mtu aliyewashiwa taa.

Dai la pili hutolewa kwa hasira, na mara nyingi hutolewa na watu wenye vyeo: "Tatizo ni hawa wanawake wanaovusha mifuko kwa magendo. Wakamatwe."

Dai hili linanichoma. Kwenye vituo vya mpakani vya Rusizi ya Kwanza na ya Pili, na kule Bugarama panapoelekea Kamanyola, wanaovuka kwa miguu kila asubuhi wengi wao ni wanawake. Wanakwenda na nyanya, mayai, maziwa, nyama, na samaki wadogo wa ziwani waitwao sambaza. Wanarudi na vitambaa, vipodozi, bidhaa za dukani. Ni kweli kwamba wapo wanaofunga sashe, yaani mifuko ya plastiki, chini ya kitenge na kuvuka nazo, kwa sababu kitu kilichokatazwa upande mmoja na kuuzwa rahisi upande wa pili kina faida hata kikiwa kidogo. Lakini mwanamke huyo hakutengeneza mfuko. Hana kiwanda. Hakuagiza punje za plastiki kutoka nchi za mafuta, hakulipia kasha la melini, hakutia sahihi hati ya forodha bandarini. Bidhaa nyingi zinazouzwa Kivu ya Kusini, mkoa wa Bukavu, hupitia bandari za Bahari ya Hindi, Dar es Salaam na Mombasa, kisha husafiri mamia ya kilomita kwa lori. Katika safari yote hiyo mzigo unapita mbele ya maofisa wengi, wenye kompyuta na mamlaka, kabla haujagawanywa vifurushi vidogo na kufika kwa mama wa kitenge.

Kumkamata yeye ni kuanza hesabu kutoka mwisho. Mifuko mia moja ikichukuliwa kwenye daraja la Rusizi, katoni nyingine inafunguliwa Bukavu kabla jua halijatua. Kasha moja likizuiwa bandarini kwa sababu nchi linakokwenda na nchi linamopitia zimekubaliana kwamba mzigo huo haupiti, hakuna kitu cha kuvusha. Makubaliano hayo ndiyo ushirikiano wa biashara ninaouzungumzia, na yanahitaji taarifa kupita kutoka forodha moja hadi nyingine kabla ya lori kuondoka bandarini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa eneo moja la forodha tangu 2014 kwa ajili ya kukusanya ushuru mahali mzigo unapoingilia. Njia ya kupashana habari ipo. Imetumika kutafuta fedha. Itumike pia kutafuta sashe.

Kuna wanaofika mbali zaidi na kusema: "Basi tufunge mpaka."

Mpaka huu umeshawahi kufungwa, tunajua kilichotokea. Machi 2020, ugonjwa wa Uviko ulipoingia, watu walizuiwa na mizigo ikaruhusiwa kupita kwa malori tu. Waliopoteza kazi ni wale wale wafanyabiashara wadogo. Bidhaa za viwandani zikiwa katika vifungashio vya plastiki ziliendelea kupita, kwa sababu zilikuwa ndani ya malori. Sitaki kulirefusha hili.

Dai la nne ni la wasomi, na lina uzito: "Biashara ndiyo iliyotuletea plastiki. Sheria zake zimeandikwa kulinda wauzaji. Hata tukitaka kuzuia, Shirika la Biashara Duniani halitaturuhusu."

Nusu ya kwanza ni kweli, na ina takwimu. Kwa hesabu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, biashara ya plastiki duniani inazidi dola trilioni 1 kwa mwaka. Katika miaka 30 iliyopita wastani wa ushuru wa forodha kwa bidhaa za plastiki na mpira umeshuka kutoka asilimia 34 hadi 7.2. Mbadala wake wa asili, kama karatasi, mianzi, nyuzi za mimea na mwani, hutozwa wastani wa asilimia 14.4, yaani mara mbili. Kwa hiyo dunia, kupitia mikataba ya biashara, imepunguza bei ya plastiki na kuacha vikapu vikilipa zaidi. Hakuna aliyepiga kura kwamba iwe hivyo. Ilitokea kipengele kwa kipengele, mazungumzo kwa mazungumzo, mazingira yakiwa hayapo mezani.

Ila kilichoandikwa kwa mazungumzo kinaweza kuandikwa upya kwa mazungumzo, na hapo nusu ya pili ya dai inaanguka. Mkataba mkuu wa biashara ya bidhaa, kifungu chake cha 20, unairuhusu nchi kuweka vizuizi vinavyohitajika kulinda afya na uhai wa watu, wanyama na mimea, na kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha, mradi vizuizi hivyo visiwe njia ya kubagua. Kesi iliyoonyesha wazi zaidi ni ile ya Brazili na matairi yaliyotiwa ngozi upya. Brazili ilikataza kuyaingiza kwa kuwa matairi yaliyochakaa hugeuka mazalia ya mbu na moto usiozimika. Jumuiya ya Ulaya ikashitaki. Desemba 2007 chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kilikubali kwamba lengo la Brazili ni halali na kwamba katazo lake lilikuwa la lazima kwa lengo hilo. Ilichokosea Brazili ni utekelezaji: ilizuia matairi kutoka Ulaya huku ikiruhusu kutoka kwa majirani zake wa umoja wa forodha, na mahakama zake za ndani zikaruhusu mengine yaingie.

Somo hilo linatufaa mno. Nchi inayokataza plastiki kutoka kila upande, pamoja na kutoka viwanda vyake yenyewe, inasimama imara mbele ya sheria za biashara. Nchi inayokataza kwa mmoja na kumfumbia macho mwingine inashindwa. Ndiyo maana katazo la pamoja la Rwanda, Burundi na Kongo, lenye orodha moja, lina nguvu ya kisheria kuliko makatazo matatu yanayopingana.

Jambo moja dogo la kiufundi linastahili kusemwa hapa kwa sababu watu wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo lililochangia zaidi kuchelewa kwetu. Ofisa wa forodha haoni "plastiki ya kutumia mara moja" kwenye hati. Anaona namba. Mifuko ya polithini ina msimbo wake, 3923.21, vyombo vya mezani vya plastiki vina 3924.10. Ndani ya namba hiyo ya pili mna sahani imara ya kutumia miaka kumi pamoja na kikombe cha kutupwa baada ya dakika tano. Sheria ya Kigali inatofautisha viwili hivyo, lakini namba haitofautishi. Vikombe vinapita vikiitwa vyombo. Namba hizo hutungwa na Shirika la Forodha Duniani, si na REMA, mamlaka ya mazingira ya Rwanda, wala si na wizara ya Kinshasa. Toleo jipya la mfumo huo linaanza kutumika Januari 2028, na limepangwa kutenganisha vizuri zaidi baadhi ya plastiki za kutumia mara moja na taka za plastiki. Hakuna wilaya, wala nchi moja, inayoweza kupata mabadiliko ya namna hiyo peke yake. Na hata kabla ya 2028, nchi jirani zinaweza kuongeza tarakimu zao za ziada mwishoni mwa namba za sasa na kukubaliana zisomeke sawa katika vituo vya Rusizi, Bugarama na Ruhwa.

"Mikataba ya kimataifa ni maneno matupu," ndilo jibu ninalopewa nikifika hapo. Nao wanaolisema wana ushahidi wa karibuni. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi liliazimia kutunga mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Azimio hilo lilitokana na rasimu iliyopelekwa na Rwanda na Peru. Rwanda na Norway ziliongoza kundi la nchi zenye azma kubwa. Katika mazungumzo ya mkataba huo kule Ottawa, Aprili 2024, Rwanda na Peru zilipendekeza uzalishaji wa plastiki ghafi upunguzwe kwa asilimia 40 ifikapo 2040, ukilinganishwa na 2025. Busan, mwishoni mwa 2024, mkurugenzi mkuu wa REMA, Juliet Kabera, alisimama na kusoma tamko la nchi nyingi zilizokataa mkataba dhaifu. Kisha Geneva, Agosti 2025, mazungumzo yakaisha bila makubaliano, kwa kuwa nchi zinazozalisha mafuta na kemikali hazikutaka kuguswa kwa uzalishaji.

Ni pigo, sikatai. Lakini tusisahau kwamba Itifaki ya Montreal ya 1987 ilifanikiwa kuondoa kemikali zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni kwa kutumia biashara hasa. Kifungu chake cha 4 kiliwazuia wanachama kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zisizojiunga. Nchi iliyobaki nje ilijikuta haina wa kumuuzia wala wa kununua kwake, ikajiunga. Leo kila nchi ya dunia imo. Na nyongeza yake ya Oktoba 2016, inayopunguza gesi za majokofu zinazopasha dunia joto, inaitwa kwa jina la mji wetu mkuu: Nyongeza ya Kigali. Kwa hiyo Mnyarwanda anayesema mikataba ya biashara na mazingira haijawahi kufanya kitu anapingana na jina la mji wake. Nchi zilizosimama pamoja Busan zinaweza kukubaliana zenyewe kwanza, zikaweka masharti ya biashara kati yao na wasiojiunga, bila kumsubiri muuza mafuta wa mwisho.

Dai la sita ndilo lenye uchungu wa kweli: "Tukijaribu, wakubwa watatuadhibu."

Walituadhibu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, na mwezi Julai 2018 Rwanda ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi za Jumuiya zilikuwa zimeafikiana kuondoa mitumba kwa pamoja. Shinikizo lilipokuja, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma, Rwanda ikabaki peke yake. Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya nguo hizo ni poliesta, ambayo ni plastiki iliyosokotwa, na kwamba baada ya ushuru kupanda, mitumba iliendelea kuingia Rusizi na Rubavu kwa njia za panya kutoka Kongo.

Na mwaka 2020, wakati Kenya na Marekani zilipokuwa zikizungumzia mkataba wa biashara, chama cha wenye viwanda vya kemikali vya Marekani kiliiandikia serikali yao kikitaka mkataba huo uifanye Kenya kituo cha kusambazia plastiki na kemikali za Marekani barani Afrika, na uzuie vizuizi vya aina hiyo. Barua ilipofichuka, wanaharakati wa Kenya walipiga kelele, na haki walikuwa nayo.

Mtu anayetazama matukio hayo mawili anaweza kuona ni sababu ya kukimbia meza ya biashara. Mimi naona kinyume chake. Ukiondoka mezani, barua za namna ile huandikwa na kusomwa bila wewe kuwapo. Rwanda iliadhibiwa kirahisi kwa sababu ilibaki peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, Kongo ikiwamo tangu Julai 2022. Ni soko la watu zaidi ya milioni 300. Soko la ukubwa huo likisema mifuko fulani haiingii na vifungashio fulani sharti virudishwe, kampuni hubadilisha mitambo yake. Likisema hivyo kwa sauti nane zisizolingana, kampuni husubiri. Muswada wa Jumuiya wa kudhibiti bidhaa za polithini ulipelekwa katika Bunge la Afrika Mashariki zaidi ya muongo mmoja uliopita na mbunge wa Rwanda, Patricia Hajabakiga. Mpaka leo haujawa sheria ya Jumuiya. Viwanda vya plastiki katika nchi wanachama vilipinga, na serikali hazikukubaliana. Aibu hiyo ni yetu wenyewe, si ya Washington.

"Mbadala ni ghali," husema wenye maduka. Kwa mwenye duka dogo la Kamembe ni kweli: mfuko wa karatasi au wa kitambaa unamgharimu kuliko sashe. Lakini bei hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Nimeshataja ushuru ulio mara mbili. Tuongeze kwamba kiwanda cha vifungashio vya karatasi au nyuzi kinachouza Rwanda pekee kina wateja wachache, na kila mpaka unaokiomba cheti kipya cha ubora unaongeza gharama. Kiwango kimoja cha ubora kwa vifungashio visivyo vya plastiki, kinachokubalika Bukavu, Bujumbura na Kigali, kingeshusha bei kuliko semina kumi.

Tena mbadala mkubwa kuliko yote tunao tayari, tumeuzoea mpaka hatuuoni. Kiwanda cha BRALIRWA kule Gisenyi kimetengeneza bia tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Bukavu ilikuwa na kiwanda chake cha Primus kwa miongo mingi. Pande zote mbili za ziwa, bia na soda ziliuzwa katika chupa za glasi zinazorudishwa. Hukupewa kreti bila kuleta tupu, au bila kuweka dhamana ya chupa. Nani amewahi kuona chupa hizo za glasi zimerundikana kwenye lango la bwawa? Haziko, kwa sababu zina bei hata zikiwa tupu. Plastiki ya kutupwa ilipoingia kwa maji na soda, dhamana ikafa, na chupa tupu ikawa haina mwenyewe.

Hapa ndipo biashara ya kuvuka mpaka inapohusika moja kwa moja. Dhamana hufanya kazi tu pale chupa iliyonunuliwa Bukavu inapoweza kurudishwa Kamembe, na iliyonunuliwa Kamembe ikarudishwa Bujumbura. Kreti ya tupu isitozwe ushuru kana kwamba ni bidhaa mpya. Alama ya dhamana itambuliwe na nchi zote. Hayo ni mambo ya maofisa wa biashara kukaa siku chache na kuandika. Na wale akina mama wa mpakani, ambao leo tunawawinda kwa sashe, wangekuwa wasafirishaji wa kwanza wa chupa tupu, kwa halali. Sambaza mbichi nao hawahitaji mfuko. Wamevushwa kwa beseni na ndoo tangu samaki hao walipopandikizwa ziwani mwaka 1959.

Wapo wanaosema tusihangaike kuzuia, "plastiki yote irejelewe, ni biashara nzuri." Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, kati ya taka zote za plastiki duniani ni asilimia 9 tu inayorejelewa. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba urejelezaji peke yake hautalisafisha ziwa. Lakini usidharauliwe. Tangu 1 Januari 2021 Mkataba wa Basel umeweka masharti mapya: taka za plastiki zilizochanganyika au chafu hazivuki mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza kwa maandishi, bali plastiki safi iliyochambuliwa aina kwa aina, kama chupa za PET, inaweza kuvuka kwenda kurejelewa bila mlolongo huo. Masharti hayo yametulinda tusiwe jaa la wengine. Yanatufungulia pia njia: kijana wa Bukavu anayeokota chupa na kuzichambua vizuri ana haki ya kumuuzia mwenye kiwanda upande wa Rwanda, ikiwa forodha zote mbili zinaijua sheria hiyo na hazimgeuzi mhalifu.

Nimeacha dai zito mwisho. "Unaota. Kuna vita. Nani atakaa meza moja kuzungumzia chupa?"

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Watu wameuawa, wamekimbia, biashara zimevunjika. Kinshasa inaishutumu Kigali, na chuki imejaa pande zote. Siwezi kuandika juu ya taka kana kwamba haya hayapo, na simwombi mtu aliyefiwa aweke mbele habari ya mifuko.

Ninachosema ni hiki. Rwanda, Burundi na Kongo ziliunda CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, mwaka 1976, na kampuni ya pamoja ya Ruzizi II ilizaliwa humo. Jumuiya yenyewe imezimia mara kadhaa kwa sababu ya vita, lakini bwawa hilo la pamoja halikutupwa, kwa kuwa kila upande unahitaji umeme wake. Mradi wa Ruzizi III, wa megawati zaidi ya 200, unasubiriwa na nchi hizo hizo. Makubaliano yaliyotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Rwanda na Kongo yanataja mfumo wa ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda. Bunduki hazikunyamaza kwa sababu ya karatasi hiyo. Lakini siku watakapokaa kuandika kanuni za mpaka, kama zitaandikwa bila neno moja juu ya vifungashio, tutarithi kwa miaka 20 mingine mpaka unaopitisha kila kitu isipokuwa uwajibikaji.

Na ipo njia isiyohitaji marais. Rwanda, Kongo na Burundi zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la Afrika ya Mashariki na Kusini, ambayo ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: nchi mbili hukubaliana orodha ya pamoja ya bidhaa zinazovuka kwa hati nyepesi bila ushuru. Orodha hiyo tayari hujadiliwa na maofisa wa ngazi ya kawaida. Waiongezee vitu viwili. Kwanza, vifungashio visivyo vya plastiki na chupa tupu za kurudishwa vivuke bila ushuru. Pili, wakubaliane orodha fupi ya plastiki zisizovuka upande wowote, kwa namba zile zile za forodha, na mzigo ukikamatwa atafutwe aliyeuagiza kwa jumla, si aliyeubeba kichwani.

Wabunge wetu katika Bunge la Afrika Mashariki, wa Rwanda, wa Kongo na wa Burundi, waufufue muswada uliolala na kuuwekea orodha moja na tarehe moja. Wenye vyama vya wafanyabiashara wadogo wa Rusizi waombe viti katika vikao vya orodha ya COMESA, kwa sababu hakuna anayeujua mpaka huu kuliko wao. Nawe msomaji, mbunge wako akija kuomba kura, muulize amefanya nini juu ya muswada huo, na usikubali akujibu kwa kuwataja Wakongo.